Kabla hujalipia gokati iliyotumika

Mwambie muuzaji mapema asiiwashe gokati, yaani kigari kidogo cha mbio, kabla hujafika. Ukifika, gusa injini kwanza. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho, maana injini iliyokwisha kupashwa huficha ugumu wa kuwaka.

Mimi naanzia chini, kwenye chasisi. Gokati ya kawaida ya mbio haina springi wala shokapu. Fremu yenyewe ndiyo inayojipinda ukikata kona, na hapo ndipo nyufa huzaliwa. Futa grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha pitisha tochi kwenye kila mshono wa welding, hasa karibu na kiti na pale beringi za ekseli (mhimili wa magurudumu ya nyuma) zinaposhikiliwa. Kipande kimoja kikiwa na rangi mpya peke yake, kikwangue uone kama kinaficha ufa. Inua nyuma kwa jeki, zungusha magurudumu, tazama ncha ya ekseli: ikiyumba, imepinda.

Sasa washa. Kabureta chafu hainitishi, husafishika. Ila injini ikinguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, gokati isisogee. Ikisogea, punguza sailensa, yaani kasi ya injini isipokanyagwa mafuta. Ikiendelea, klachi imechoka. Kwenye injini ambayo petroli yake haichanganywi na oili, moshi wa bluu ni oili inayoungua: bei ishuke sana, la sivyo ondoka.