Tenisi na rafiki aliyekuzidi: mbanie uwanja

Tulikuwa wanne jana mchana, mmoja kacheza tangu utotoni, mwingine hata raketi kaazima. Kilichotuokoa ni hiki: mkali alenge ndani ya mistari ya mchezo wa mmoja mmoja tu, mpinzani wake aruhusiwe mpaka mistari ya nje, ile ya wawili wawili. Mkali anapigia upana wa mita 8.23 huku akilinda mita 10.97, yaani mita 1.37 za ziada kila upande. Anakimbia kwelikweli, na ile mipira yake ya pembeni inatoka nje. Pointi zihesabiwe kama kawaida. Kuanzisha mpira hakubadiliki, visanduku vya kuanzishia ni vilevile.

Naona ni bora kuliko kumwambia "punguza nguvu". Akipunguza, mpigo wake unaharibika, na anayehurumiwa anajua anahurumiwa.

Haisaidii kama mgeni wa mchezo hawezi hata kuvusha mpira wavuni. Hapo shida ni kasi, wala si upana. Tafuteni mipira yenye kidoa cha kijani, ambayo ni polepole kwa karibu asilimia 25 kuliko ya kawaida, au mgeni aanzishie mpira mbele, karibu na wavu. Mkicheza wawili wawili pia haifai, maana mistari ya nje tayari ni ya wote.

Kubalianeni kabla ya mpira wa kwanza. Sisi tulianza katikati ya seti, tukabishana dakika kumi nzima.