Jinsi ya Kujitengenezea Kokpiti ya Simuleta ya Mbio za Magari kwa Mbao na kwa Gharama Ndogo

Usukani wa simuleta, yaani mchezo wa kompyuta unaoiga uendeshaji wa magari ya mbio, ukifungwa kwenye meza ya kawaida, na pedali zikawekwa sakafuni mbele ya kiti chenye magurudumu, kinachoharibika kwanza ni breki. Dereva anapoikanyaga kwa nguvu, kiti kinarudi nyuma, pedali zinateleza mbele, na mguu unakosa namna ya kujifunza ni nguvu kiasi gani inayotosha kabla matairi hayajaacha kuzunguka na kuanza kuteleza. Wengi hudhani dawa yake ni kununua usukani wa bei kubwa zaidi, ilhali vifaa vile vile vya bei nafuu vikikazwa kwenye fremu isiyotikisika humwezesha dereva kufunga breki mahali pale pale katika kila mzunguko. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutengeneza fremu ya aina hiyo, inayoshika kiti, usukani na pedali na kuitwa kokpiti, kwa mbao, plaiwudi na kiti cha gari kilichokwisha kutumika, kwa kutumia msumeno, drili, tepu ya kupimia, skwea na spana.

Kabla ya kukata ubao wowote, ni lazima kuelewa nguvu zinapita wapi. Mguu unaposukuma breki mbele, mgongo nao unasukuma kiti nyuma kwa nguvu ile ile. Nguvu hizo mbili hazishuki sakafuni, bali hukutana ndani ya fremu, katika sehemu inayounganisha kiti na pedali, zikijaribu kuirefusha na kuipinda. Ndiyo maana kuweka uzito juu ya fremu legevu, au mpira chini yake, hakuiponyi. Ukubwa wa nguvu hizo nao unashangaza. Kwenye breki inayotumia sensa ya kupima nguvu, dereva hukanyaga kwa kiasi kinacholingana na uzito wa kilo 50 au 60 bila taabu. Usukani wa Logitech G29, kwa upande wake, hutoa takribani niutoni mita 2 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na kwa kuwa nusu kipenyo cha duara lake ni kama sentimita 14, mikono huhisi nguvu inayokaribia kilo moja na nusu tu. Hata usukani wenye nguvu zaidi wa Fanatec CSL DD, ule unaotoa niutoni mita 8, hauvuki kilo 6 hivi ukingoni mwa duara la ukubwa huo. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo aelekeze mbao zake nene, bolti zake imara na muda wake mwingi kwenye mstari unaotoka kiti hadi pedali, usukani upate kinachofuata, na rangi ije mwisho kabisa.

Kuhusu malighafi, mabomba ya plastiki ni mepesi na hukatwa upesi, lakini hupinda mno chini ya breki, nami siyapendekezi hata kwa vifaa vidogo. Chuma cha mraba ni kizuri kwa mwenye mashine ya kuchomelea. Profaili za alumini ndizo bora kuliko zote, ila bei yake inatutoa kwenye lengo la mwongozo huu. Mbao za milimita 50 kwa 100 zilizonyooka na kukauka vizuri, pamoja na plaiwudi ya milimita 18, zinatosha kabisa kubeba nguvu zilizotajwa hapo juu. Ubao mbichi uepukwe kwa sababu husinyaa na kujipinda ukiwa tayari umefungwa, na kila kiungo hulegea.

Mkao hupimwa kabla ya fremu kuchorwa

Kosa linalogharimu mbao nyingi ni kuiga vipimo vya kokpiti ya mtu mwingine, kwa maana miguu na mikono ya watu hailingani. Weka kiti utakachokitumia sakafuni, kiinue kwa matofali au vipande vya mbao, egemeza pedali kwenye ukuta, kisha kaa na umwombe mtu akupimie. Kanyaga breki hadi mwisho: goti linapaswa kubaki limekunjika kidogo, kwa sababu mguu ulionyooka kabisa hauna nguvu ya kusukuma zaidi na huumiza kiungo. Kisha nyoosha mkono mbele huku mabega yakiwa yameegemea kiti. Kifundo cha mkono kiangukie juu ya ukingo wa juu wa usukani. Kipimo hicho hicho hutumiwa katika magari halisi, na hufanya kiwiko kikunjike ipasavyo pindi mikono inaposhika usukani pande zake mbili.

Urefu wa kiti kutoka sakafuni hutegemea aina ya gari unayotaka kuiga. Katika mkao wa magari ya kawaida ya mbio, yale yenye paa na milango, nyonga huwa juu kidogo ya visigino na usukani huinama. Katika mkao wa magari ya formula, yale ya kiti kimoja yasiyo na paa, visigino hupanda hadi usawa wa nyonga au zaidi, na dereva hukaribia kulala. Kwa fremu ya kwanza ninapendekeza mkao wa magari ya kawaida, kwa kuwa ni rahisi kuingia na kutoka, hauchoshi shingo, na unatumia kiti chochote cha gari bila kukibadilisha. Andika vipimo vinne kwenye karatasi: umbali kutoka mgongo wa kiti hadi uso wa breki, urefu wa kiti, umbali na urefu wa kitovu cha usukani, na urefu wa macho kutoka sakafuni. Kipimo cha mwisho kitakufaa utakapoweka skrini.

Kujenga msingi

Msingi ni boriti mbili ndefu zinazolala sambamba kutoka nyuma ya kiti hadi mbele ya pedali. Kwa watu wengi urefu wa sentimita 140 unatosha, na upana wa fremu huamuliwa na reli za kiti, yaani vyuma ambavyo kiti husogea juu yake, kwa kawaida kati ya sentimita 45 na 55. Boriti hizi zisimamishwe kwa ubavu, yaani ule upande wa milimita 100 uwe wima, kwa sababu ubao uliosimama hivyo hupinda kidogo sana kuliko uliolazwa, ingawa mbao ni ile ile. Wala zisikatwe katikati na kuungwa. Kiungo chochote kati ya kiti na pedali ni mahali ambapo nguvu yote ya breki itatafuta njia ya kutokea.

Boriti ziunganishwe kwa mbao nne za kukingama: moja mwanzoni, moja mwishoni, na mbili chini ya kiti, zikiwa mahali hasa ambapo bolti za reli zitapita. Toboa kwanza kijitundu chembamba kuliko skrubu ili ubao usipasuke, paka gundi ya mbao, kisha kaza. Pale penye nguvu kubwa tumia bolti za M8 (zenye kipenyo cha milimita 8) zinazopita upande hadi upande, zenye washa pana pande zote mbili, kwa kuwa skrubu peke yake huchimba tundu lake taratibu na kulegea kila breki inapokanyagwa. Tundu la bolti lisikaribie mwisho wa ubao. Acha angalau sentimita 5. Kabla gundi haijakauka, pima mishazari miwili ya fremu kutoka kona hadi kona. Ikilingana, kona zote za fremu ni za nyuzi 90. Isipolingana, isukume kidogo hadi ilingane, kwani baada ya gundi kukauka hakuna marekebisho.

Pedali

Hapa ndipo pa kuchukua muda. Bamba la pedali likatwe kutoka plaiwudi ya milimita 18, na ikiwezekana vipande viwili vigandishwe pamoja kwa gundi ili kupata milimita 36. Liegemezwe kwa pembe inayofanya unyayo ukutane na pedali ukiwa umetulia, na nyuma yake liwekewe mbao mbili za mshazari zinazoshuka hadi kwenye boriti. Mbao hizo ndizo zinazozuia bamba kulala mbele, kwa sababu unyayo husukuma juu zaidi ya boriti na hivyo hujaribu kulizungusha bamba zima. Chini ya pedali weka ubao wa kuzuia kisigino. Bila huo kisigino huhama kidogo kidogo, na mguu hupoteza mahali pake pa kuanzia.

Ili kokpiti itumiwe na zaidi ya mtu mmoja, acha kiti kisogee kwa reli zake na pedali zibaki zimefungwa. Seti nyingi za pedali za bei nafuu hupima breki kwa potenshiometa, yaani hupima umbali ambao pedali imesafiri na si nguvu ya mguu. Kwa kuwa mguu hukumbuka nguvu vizuri kuliko umbali, kuongeza mpira mgumu nyuma ya breki, au baadaye kuhamia kwenye breki yenye sensa ya nguvu, ni uboreshaji unaostahili fedha kabla ya usukani mpya. Fremu iliyojengwa kama ilivyoelezwa hapa itaubeba bila kuongezewa chochote.

Usukani

Nguzo mbili za wima zifungwe upande wa ndani au wa nje wa boriti, kila moja kwa bolti mbili, na zikamatwe na kipande cha plaiwudi chenye umbo la pembetatu kila upande. Pembetatu haibadiliki umbo hadi upande wake mmoja uvunjike, ilhali mstatili hulala kwa kusukumwa tu. Kipande hicho kidogo ndicho kinachoondoa mtikisiko wa mbele na nyuma unaolalamikiwa katika kokpiti nyingi za mbao. Juu ya nguzo weka bamba la usukani. Toboa matundu kadhaa kwa kila sentimita 3 katika nguzo ili bamba lipandishwe au kushushwa, na uhakikishe mapaja yanapita chini yake bila kugusa hata mguu unapoinuka kutoka kwenye klachi.

Vibano vinavyokuja na usukani vimetengenezwa kwa ajili ya meza. Kwenye kokpiti, tumia matundu yenye hesi yaliyo chini ya usukani wenyewe, na ufuate kipimo cha bolti kilicho katika kitabu cha maelekezo, kwa maana bolti ndefu kupita kiasi inaweza kugusa sehemu za ndani. Mkono wa gia na handibreki vikae kwenye bamba dogo upande wa kiti, mahali ambapo mkono unaangukia wenyewe, na bamba hilo lifungwe kwenye boriti badala ya kuning'inia kwenye nguzo ya usukani.

Kiti

Kiti cha gari kutoka kwa wauza vipuri ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko bei yake: kina reli, kinakunja mgongo, na kimeundwa kwa ajili ya kukaliwa saa nyingi. Jambo moja lisipuuzwe. Viti vya magari mengi ya kisasa vina mifuko ya hewa ubavuni na vikaza mkanda, vyote vikiwa na baruti ndani, na nyaya zake kwa kawaida huwa na viunganishi vya rangi ya njano. Kiti cha namna hiyo kisinunuliwe kwa kazi hii, na kama unacho tayari, usikikate, usikipime kwa mita ya umeme, wala usiunganishe nyaya zake na betri. Mpelekee fundi anayejua kuviondoa. Kiti cha gari la zamani lisilo na mifuko hiyo kinafaa zaidi.

Nafasi za bolti za kiti mara nyingi haziko katika usawa mmoja, mbele na nyuma. Ziweke sawa kwa vipande vya mbao ngumu, si kwa washa nyingi zilizopangwa juu kwa juu, kisha toboa ubao wa kukingama na upitishe bolti hadi chini. Mgongo wa kiti ukicheza kwenye kifundo chake cha kukunjia, ufunge kwa ubao nyuma, kwa sababu mchezo huo huhisiwa mguuni kana kwamba breki ni laini.

Skrini, nyaya na marekebisho

Skrini isimame kwenye mguu wake yenyewe, mbali na fremu, ili isitetemeke pamoja na usukani. Isogezwe karibu kadiri inavyowezekana, nyuma tu ya usukani, na katikati yake ilingane na urefu wa macho ulioupima. Pembe ya mwono katika mchezo, yaani upana wa eneo ambalo skrini inaonyesha, ifuate hesabu badala ya mazoea: gawanya nusu ya upana wa skrini kwa umbali wa macho, tafuta pembe ambayo tanjiti yake ni jibu hilo, kisha uizidishe kwa 2. Skrini ya inchi 27 ina upana wa takribani sentimita 60. Macho yakiwa umbali wa sentimita 60, pembe ni nyuzi 53, na yakiwa sentimita 100 pembe hushuka hadi nyuzi 33. Assetto Corsa huuliza pembe ya kwenda juu, ambayo kwa mfano wa kwanza ni nyuzi 31 hivi, kwa hiyo angalia mchezo wako unataka ipi. Mwanzoni picha itaonekana finyu, lakini kona zitakuja kwa mwendo wa kweli, nawe utaanza kukadiria mahali pa kufunga breki kwa macho.

Nyaya zifungwe kando ya boriti, mbali na miguu na reli za kiti, na zile za usukani zipewe ulegevu wa kutosha. Waya wa USB usiokuwa na kikuza mawimbi usizidi mita 5, na waya wa umeme wa mota ya usukani usilale sambamba na waya wa sensa ya breki, kwani unaweza kuichanganya.

Mwisho, kaa kitini na ukanyage breki kwa nguvu zako zote huku mtu mwingine akitazama fremu kutoka ubavuni. Panapopinda ndipo panapohitaji ubao wa mshazari, na kwa kawaida ni nyuma ya pedali au nyuma ya kiti. Rudia zoezi hilo baada ya wiki chache za matumizi, wakati mbao zimekwisha kutulia, na ukaze nati zote upya kwa spana.