Kutoka Kwenye Mieleka Hadi Seneti: Namna ya Kuifuata Njia ya Paul Wellstone

Kijana aliyecheza mieleka akiwa sekondari na ambaye sasa anataka uongozi hupenda kutanguliza nishani zake, ilhali nishani humtambulisha tu kwa wapiga kura bila kuwapa sababu ya kumchagua. Njia yenye manufaa zaidi aliipita Paul Wellstone, mwanamieleka kutoka Arlington, Virginia, aliyekuwa seneta wa chama cha Democratic katika jimbo la Minnesota, nchini Marekani, kuanzia 1991 hadi kifo chake mwaka 2002.

Anza kwa kuufanya mchezo ukulipie elimu. Wellstone, aliyekuwa mfupi wa kimo, alisoma Chuo Kikuu cha North Carolina kwa ufadhili wa mieleka, akawa bingwa wa ligi ya vyuo vya Pwani ya Atlantiki katika uzito wa ratili 126, yaani kilo 57 hivi, na kufikia 1969 alikuwa na shahada ya uzamivu katika sayansi ya siasa.

Kisha kaa na watu kabla hujawaomba kura, na usiiharakishe hatua hii, kwani ndiyo inayobeba nyingine zote. Akiwa mhadhiri katika Chuo cha Carleton, mjini Northfield, Wellstone aliwasaidia maskini wa vijijini kujipanga, akasimama na wakulima waliokuwa wakinyang'anywa mashamba kwa madeni katika miaka ya 1980, na akawaunga mkono wafanyakazi wa kiwanda cha nyama cha Hormel walipogoma mwaka 1985. Nawe tafuta jambo moja linalowaumiza watu wa eneo lako, uhudhurie vikao vyao, uandike daftarini jina la kila mtu, shida yake na ulichomwahidi, halafu urudi siku uliyosema.

Ukishindwa mara ya kwanza, usiwaache watu hao. Mwaka 1982 Wellstone aligombea ukaguzi wa hesabu wa jimbo, cheo cha ajabu kidogo kwa mtu mwenye tatizo la kujifunza lililomtatiza katika kusoma majedwali, akaangushwa na Arne Carlson. Mwaka 1988 alikuwa miongoni mwa viongozi wa kampeni ya urais ya Jesse Jackson, mwanaharakati wa haki za Weusi, huko Minnesota, na hivyo mtandao wake ukazidi kupanuka.

Ukosefu wa fedha useme waziwazi. Mwaka 1990, akikabiliana na Seneta Rudy Boschwitz, aliyetumia fedha mara saba hivi zaidi yake, Wellstone alizunguka kwa basi kuukuu la shule lililopakwa rangi ya kijani, na katika tangazo lake la televisheni alizungumza mbiombio akieleza kwamba hana hela za kununua muda mrefu. Alishinda, lakini basi pekee, bila wale watu aliokaa nao kwa miaka, lisingemfikisha popote.

Ukishapata kiti, chagua sheria moja utakayoishughulikia kwa miaka, na umtafute mshirika wa chama pinzani. Wellstone, ambaye kaka yake aliugua maradhi ya akili, alishirikiana na Seneta Pete Domenici wa chama cha Republican kupitisha sheria ya 1996 iliyozuia bima kuweka kikomo kidogo cha fedha kwa matibabu ya akili kuliko ya mwili. Sheria hiyo iliacha mianya mingi, na Wellstone alifariki katika ajali ya ndege tarehe 25 Oktoba 2002 kabla haijazibwa. Kwa hiyo wafundishe wenzako kazi hiyo mapema: ni wengine walioikamilisha mwaka 2008, kwa sheria yenye majina ya Wellstone na Domenici.