Jinsi ya kumjengea mzee wa jeshi Land Rover yake

Ukimwambia mwanajeshi mstaafu akusimulie mambo ya jeshini, atakwambia jua lilikuwa kali na maharagwe hayakuiva, kisha ataulizia chai. Mwekee mezani kigari cha kadibodi umuulize jerikani la maji lilifungwa upande gani, na hutamnyamazisha hadi magharibi. Hayo nimeyaona kwa wazee wenzangu hapa Free Area, Nakuru. Siku za Jumamosi hukutana nyuma ya karakana ya seremala kujenga magari waliyoyaendesha. Mimi sikuwa dereva, nilikuwa mekanika. Wao walikaa kwenye usukani wakapigiwa saluti. Mimi nililala chini ya gari na oili ikanidondokea.

Namwandikia kijana ambaye nyumbani ana baba, babu au mjomba aliyewahi kukaa kambi ya jeshi ya Lanet, Gilgil, Nanyuki au Eldoret. Tutajenga Land Rover ya inchi 109, ile Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa sababu askari wa umri wetu, kama hakuiendesha, aliisukuma.

Kwanza kipimo. Wanaonunua vifurushi vya plastiki kutoka ng'ambo hujenga magari ya jeshi kwa 1/35. Ukubwa huo ulianza na kifaru cha Panther kilichotolewa na kampuni ya Tamiya ya Japani mwaka 1961. Kilikuwa na mota, na ukubwa wake ukaamuliwa na betri zilizopaswa kuenea tumboni. Sisi hatuna mota, na macho yetu yamezeeka. Tumia 1/24, yaani gawanya kila kipimo cha gari halisi kwa 24. Urefu wa milimita 4445 unakuwa 185. Upana wa 1676 unakuwa 70. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma ni milimita 2769, na hizo ndizo inchi 109 zenyewe. Kwako zitakuwa 115. Askari wa sentimita 175 atasimama kando ya gari akiwa na milimita 73. Andika namba hizi kwenye karatasi uibandike ukutani, kwa maana mzee atabisha, na utahitaji kitu cha kumwonyesha kidole.

Bodi ikate kwenye jalada gumu la kaunta buku iliyokwisha. Ni gumu, limenyooka, na linakubali wembe. Milango, boneti na mapambo ya juu juu yatoke kwenye manila. Kata kwa rula ya chuma, wembe ukipita mara nyingi kwa mkono mwepesi; ukikandamiza mara moja, kadibodi itachanika ukingoni na utaliona kovu hilo hata baada ya rangi. Chesisi ni miti miwili myembamba iliyounganishwa na vipande vya kukingama, kama ngazi. Seremala yeyote atakupa makombo hayo bure. Ekseli ni vijiti vya mishikaki. Springi zitengeneze kwa vipande vya manila vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kila cha chini kikiwa kifupi kuliko cha juu yake. Gundi nyeupe ya mbao inatosha kwa kadibodi, supaglu ni ya waya na plastiki, na gundi ya fundi viatu ni ya matairi.

Matairi ndiyo starehe ya kazi hii. Tafuta ndara nyeusi iliyokufa. Tairi halisi lina kimo cha karibu sentimita 80, kwa hiyo lako liwe milimita 33. Kizibo cha soda kina milimita 32, na hiyo moja iliyopungua haimkoseshi mtu usingizi. Kiweke juu ya ndara, zungusha kalamu, kata, kisha punguza unene ubaki milimita 8. Chora mikato ya tairi kwa wembe. Rimu ni kifungo cha koti cha milimita 17 hivi, na juu yake dondosha nukta tano za gundi nyeupe ziwe nati. Ni tano, si sita. Nimeona kigari kizuri kikikataliwa na dereva mmoja wa zamani kwa nati ya sita tu. Alisema hawezi kupanda gari ambalo fundi wake hajui kuhesabu.

Sasa sikiliza siri yenyewe. Usimalize gari peke yako. Bodi ikishasimama juu ya magurudumu, kabla ya rangi, mpelekee mzee ikiwa na mapengo. Usiweke tairi la akiba. Usiweke jerikani. Usiweke koleo. Viache kwenye kisahani kando, umuulize kila kimoja kilikaa wapi. Tairi la akiba lilikuwa juu ya boneti au nyuma? Lilipokuwa kwenye boneti, ulionaje barabara? Turubai lilifungwa kwa kamba au kwa mikanda? Nani aliketi nyuma, na miguu yake ilikanyaga nini? Swali la "ulijisikiaje" liache. Mikono ikishika kitu, mdomo hupata pa kuanzia. Koplo mmoja wa kutoka upande wa Njoro, mtu wa maneno machache mno, aliulizwa tu kuhusu turubai. Akaeleza jinsi walivyolitandaza chini usiku huko kaskazini kukinga umande wa kunywa, nani alipiga chafya, na nani alilaumiwa asubuhi. Mkewe aliyekuwa akimenya viazi pembeni akaweka kisu chini. Alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza.

Jerikani lenyewe usilifanye haraka. La lita 20 kwa kipimo chetu ni milimita 20 kwenda juu, 15 upana na 7 unene. Juu lina vishikio vitatu, si kimoja. Mbunifu wake wa Ujerumani miaka ya 1930 alitaka watu wawili waweze kulibeba moja lililojaa, na mtu mmoja abebe mawili matupu kwa mkono mmoja kwa kushika vishikio vya pembeni. Tengeneza vitatu kwa waya mwembamba uone kama mzee hatanyoosha mkono kukuonyesha.

Ubishi mwingine utakaoufurahia ni wa wavu wa mbele, ule wa kukinga rejeta. Series II ilikuwa na wavu wa chuma, na madereva wengi duniani waliung'oa wakachomea nyama. Series III ikaja na wa plastiki. Muulize mzee ni upi. Akicheka kabla ya kujibu, umeshapata jibu, na kaa vizuri. Wavu wa chuma utaupata kwenye chujio la chai lililotoboka. Wa plastiki uchore kwenye manila.

Kama mzee alikuwa mtu wa mawasiliano, gari lake linabadilika. Land Rover iliyotengenezwa kwa ajili ya redio ilikuwa na umeme wa volti 24 badala ya 12, na antena zilizopinda kwa upepo. Antena ni unyoya wa ufagio wa plastiki. Hawa watu wa redio ni wasimulizi wazuri kuliko madereva, maana walikuwa wanasikia kila kitu. Lakini wana kiapo, na kiapo hakistaafu. Akisema "hiyo siwezi," hamia kwenye kofia ya tairi.

Rangi. Kadibodi ipake kwanza varnishi ya seremala mara mbili, isugue kwa msasa laini, la sivyo itakunywa rangi na kuvimba. Kwa gari la hapa nyumbani changanya kijani, nyeusi kidogo na tone la njano. Halafu ongeza tone la nyeupe, kwa kuwa kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kikubwa chenye rangi ileile. Rangi ikiwa inang'aa, koroga poda ya mtoto kidogo ndani yake, itapoa. Kama mzee alienda na Umoja wa Mataifa, labda Namibia mwaka 1989 au Kroatia kuanzia 1992, gari ni jeupe na herufi UN ni nyeusi. Zikate kwenye manila, weka juu, gonga kwa sponji karibu kavu. Brashi itavuja chini ya karatasi.

Hapa kwenye kuchakaza, yaani kulifanya gari lionekane limetumika, ndipo vijana wanaponikasirisha. Mtu anajenga Land Rover safi kabisa, kisha anaipaka kutu milangoni. Bodi ya Land Rover ni aloi ya aluminiamu. Haishiki kutu! Rangi ikichunika panatokea weupe wa bati, basi. Chukua penseli, sugua ukingo wa mlango na pale buti hukanyaga. Kutu ipeleke kwenye chuma: chesisi, bampa, bawaba, na ule ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Nimetumia miaka yangu mizuri nikikwangua kutu ya chesisi, kwa hiyo kwenye jambo hili sipokei maoni.

Vumbi nalo lina kwao. La Gilgil ni jeupe, kwa ile daiatomiti inayochimbwa Kariandusi. La Garissa ni jekundu. Udongo wa Ahero ni mweusi na hauitwi vumbi mvua ikinyesha. Leta konzi ya udongo wa mahali mzee alipokaa, au unaofanana nao, uchuje kwa soksi ndefu ya nailoni, changanya na gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, paka chini ya madigadi na nyuma ya matairi. Usipake kote. Kuna wanaoleta hadithi za babu aliyekuwa KAR, jeshi la mkoloni la Afrika Mashariki, na akafika Burma mwaka 1944, wakati Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipopita bonde la Kabaw msimu wa mvua. Kwa hao sahau vumbi, na sahau Series III pia. Jenga lori, na ulizamishe kwenye tope hadi ekseli.

Kuna mambo ya kuyapita kimya. Mwaka 1982, wa jaribio la mapinduzi, ni mmoja wa hayo kwa wengine, na El Adde, kambi ya wanajeshi wetu huko Somalia iliyoshambuliwa 15 Januari 2016, ni jeraha bichi katika nyumba nyingi kutoka Eldoret hadi mpakani. Mzee au mama akiyaleta mwenyewe, sikiliza, usiandike mpaka aseme andika. Akianza kutetemeka mikono, usimnyang'anye kazi. Mpe msasa na ubao, kwa sababu msasa hauhitaji mkono uliotulia. Weka meza karibu na dirisha, na miwani yake iwe pale kabla hajaitafuta. Mwite afande kama alizoea. Wengine hawapendi tena, utajua siku ya kwanza.

Usiende kupiga picha kwenye ua wa kambi ili upate vipimo, wala usimvalishe kijana sare akashike gari mkononi kwa picha. Yote mawili yatakupeleka kituoni, na huko hakuna atakayekusikiliza ukieleza habari za 1/24.

Simu ya kurekodi sauti iwe mezani mbele ya kila mtu, baada ya kuomba ruhusa, isiwe mfukoni. Mjukuu mmoja apewe daftari aandike mahali, mwaka na majina ya utani, kwa sababu majina ya utani ndiyo hupotea kwanza. Wazee wawili wakibishana kama gari lilikuwa na kioo cha pembeni, andika kauli zote mbili na usiamue. Weka kioo kwa gundi hafifu, kiondoke na kurudi kulingana na nani amekuja siku hiyo.

Gari likikauka, lisikae juu ya televisheni wala kwenye jua la dirishani; gundi hulegea na kijani hupauka. Fundi wa vioo atakukatia kasha dogo, au tumia boksi la keki lenye kifuniko kinachoonyesha ndani. Ligundishe kwenye ubao usiotikisika, na chini ya ubao andika jina la dereva, kituo chake na miaka aliyoiendesha. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida hufifia.