Somo: "Hopefully", "Actually" na wenzao wanaokaa mbele ya sentensi

Wakuu habari za saa hizi. Leo naleta kasomo ka Kiingereza cha kuongea, sio cha mtihani. Niliwahi kukaa mapokezi kwenye hoteli moja huku Arusha, jioni moja mgeni akaniuliza gari la kumpeleka Ngorongoro kesho yake linafika saa ngapi, mi kwa heshima zote nikamjibu "Hopefully, the driver will be here at six." Aisee yule mama aliganda na kikombe mkononi. "Hopefully?" Dereva mwenyewe nilikuwa nimetoka kuongea nae dakika kumi nyuma, yuko sheli anajaza mafuta, hakuna wasiwasi wowote. Kichwani kwangu nilikuwa nimesema "Mungu akipenda saa kumi na mbili yupo", adabu tu ya kwetu, yeye kasikia "tuombe aje, ila mi sina uhakika". Usiku ule kapiga simu mapokezi mara tatu.

Hapo ndo nikaanza kuvifuatilia vielezi vinavyofungua sentensi. Twende.

Hatua ya 1: jiulize kielezi kinamsema nani

Hapa ndo penye somo lenyewe, pasome taratibu. Kielezi kikikaa mwisho mara nyingi kinasema kitendo kimefanyikaje. Kikikaa mbele kinaweza kugeuka kikakusema wewe unaeongea, yaani jambo zima unalionaje. Chukua "She spoke clearly", maana yake aliongea maneno yakasikika vizuri. Sasa "Clearly, she spoke" ni kwamba siri imevuja na wewe umeshajua ni yeye ndo kasema, hata kama alinong'ona. Au "He left sadly", kaondoka kanyong'onyea, na "Sadly, he left", huzuni hapo ni yako, yeye huenda kaondoka anacheka. Sisi kwenye Kiswahili tunabadilisha maneno kabisa, "aliondoka kwa huzuni" na "bahati mbaya aliondoka", wenzetu neno ni lilelile wanalihamisha kiti tu, ndo maana linatuponyoka.

Hatua ya 2: koma

Ukiandika weka koma, ukiongea vuta pumzi kidogo. "However, she waited" ni "hata hivyo alisubiri". Ukiandika "However long she waited" bila koma ni "hata angesubiri kiasi gani", na hapo sentensi bado haijaisha.

Hatua ya 3: sio kila kielezi kinakaa mbele

"Sometimes", "Usually", "Yesterday" hao wako huru. Tatizo letu ni "Always". Kwa sababu tunasema "siku zote naamka saa kumi na moja", tunatoka na "Always I wake up at five". Mzungu atakuelewa ila yeye angesema "I always wake up at five". "Always" na "Never" zinafungua vizuri ukiwa unatoa amri: "Always lock the gate", "Never touch that wire". Alafu vile vya namna, kama "Slowly, he opened the door", hiyo ni sauti ya hadithi, mtu wa kawaida akitoka mgahawani hasemi "Quickly, I ate my lunch".

Hatua ya 4: ukianza na kikanushi, kitenzi kisaidizi kinaruka mbele

"Never have I seen such rain", sio "Never I have seen". Vivyo hivyo "Rarely do we close early". Ila kiukweli hii ni ya hotuba na maandishi mazito, mtaani we sema "I've never seen rain like this" basi. Mgeuzo unaosikika kila siku ni "Here comes the bus". Ukitumia kiwakilishi unarudi kawaida: "Here it comes".

Hatua ya 5: punguza dozi

Kuna watu wetu kila sentensi "Actually". Hiyo sio "kwa kweli" ya kuvutia pumzi, ina harufu ya kusahihisha. Mgeni akiuliza "Is breakfast included?" ukamjibu "Actually, it is", ni kama unamwambia "we ulidhani haimo, imo". Itunze kwa siku mtu amekosea jina lako. Na "Hopefully" ibaki kwa mambo usiyoyashika wewe, mvua, mpira, foleni. Dereva umeshaongea nae, sema tu "The driver will be here at six", nukta.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mwalimu wetu sekondari alikuwa anakata maksi ukianza na "Hopefully", alisema ni kosa.

Hakuota, wapo walioipinga miaka na miaka kwamba inapaswa kumaanisha "kwa matumaini" tu, kama "she waited hopefully". Ila mwaka 2012 hata shirika la habari la AP la Marekani, ambalo mwongozo wake wa uandishi unafuatwa na magazeti mengi, liliikubali. Kuongea ongea tu.

Swali: Juzi kwenye harusi nimeshukuru "At last, I thank my parents", jamaa wakacheka. Kosa liko wapi?

Pole mkuu 😂 "At last" ni "hatimaye" ya mtu aliyesubiri hadi kachoka, "At last, the bus came". Umewaambia ukumbi mzima kwamba baada ya miaka yote ndo leo umekubali kuwashukuru. Ulitaka "Lastly" au "Finally".

Swali: "Kumbe" Kiingereza chake ni nini?

Neno moja hakuna. Kama ni kitu umekisikia, "Apparently" inakaribia: "Apparently, they're married", kumbe wameoana. Ila "Apparently" ina ka-"eti" ndani yake, unajitoa kwenye ushahidi. Kama ni mshangao wa uso kwa uso, "Oh, so you're the owner!"

Swali: Na "Honestly" mbona hujaigusa?

Tumia, ila kwa uangalifu. Mtu akikuuliza "chakula kikoje" ukaanza na "Honestly," mpishi anaanza kujiandaa kisaikolojia.

Swali: Honestly, mkuu, somo limeeleweka.

Kwa hiyo yale masomo mengine ulikuwa unaniitikia tu?