Mashine ya Kukatia Nyasi Ikigoma Kuwaka

Usiguse kisu kabla ya kuchomoa waya wa plagi (kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha injini). Kukizungusha kwa mkono tu kunaweza kuishtua injini ikawaka.

Anza na petroli. Ikikaa tangini zaidi ya mwezi hupoteza nguvu, na ikikaa zaidi huacha utando unaonata ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Imwage, weka mpya, vuta choki (kizuizi cha hewa cha kuwashia injini ikiwa baridi), bana mkono wa usalama kwenye mpini (wengi huusahau), kisha vuta kamba.

Bado kimya? Fungua plagi. Ikiwa imelowa, injini imekunywa mafuta kupita kiasi: ikaushe, ondoa choki, subiri dakika 10 hadi 15. Ikiwa na masizi, isugue kwa brashi ya waya na upime mwanya kati ya ncha zake mbili. Nyingi hutaka milimita 0.7 hadi 0.8.

Ikiwa kavu hata baada ya kuvuta mara kadhaa, petroli haifiki, na mkosaji mara nyingi ni kabureta. Funga koki ya mafuta, fungua bolti iliyo chini ya bakuli lake, mwaga kilichomo. Kwenye kabureta nyingi bolti hiyo yenyewe ina tundu dogo la kupitishia petroli. Lizibue kwa uzi mwembamba wa shaba bila kulipanua.

Chujio la hewa likijaa vumbi, badilisha tu.

Ila kama iligoma baada ya kisu kugonga jiwe, iache kabureta. Huenda kii ya flaiwili (kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia gurudumu zito la injini mahali pake) imekatika, na sasa cheche inatoka wakati usio wake.