Kuondoa weusi wa fizi: mambo ya kupima kabla, na jinsi ya kuuguza kidonda baadaye

Ufizi mweusi si uchafu wala si ugonjwa. Rangi ile ni melanini, ileile inayoipa ngozi rangi, na hutengenezwa na seli zilizojificha kwenye tabaka la chini la ngozi ya ufizi. Kila binadamu ana seli hizo. Kwa wengine zinafanya kazi zaidi. Kama fizi zako zimekuwa hivyo tangu utotoni, rangi inalingana kulia na kushoto, zimekaza na hazitoi damu ukipiga mswaki, basi ni nzima. Kuzibadilisha ni urembo tu, na mtu anayekutisha kwamba usipotibiwa utang'oka meno anakudanganya.

Weusi uliokuja ukubwani ni habari nyingine, na hapo ndipo watu wengi hukosea kwa kukimbilia leza, yaani mwanga mkali unaochoma ngozi, kabla ya kujua chanzo. Sigara hutia giza fizi za mbele, hasa za chini. Ukiacha kuvuta, rangi hupungua polepole kwa miezi, pengine hata zaidi ya mwaka. Ukitibiwa huku unaendelea kuvuta, itarudi. Dawa kama minosaiklini, klorokwini na zidovudini nazo zinaweza kubadilisha rangi ya kinywa, lakini usiache dawa yoyote kabla ya kuongea na aliyekuandikia. Mstari wa kijivu unaozunguka jino lililovikwa kofia mara nyingi ni chuma cha kofia kinachoonekana kupitia ufizi, kwa hiyo kukwangua ufizi hakutasaidia. Kinachobadilishwa ni kofia. Weusi unaoenea pamoja na uchovu, kukonda na ngozi kuzidi kuwa nyeusi huhitaji vipimo vya tezi za adrenali, zile zilizo juu ya figo. Na doa moja linalokua, lenye kingo zisizo sawa, lililovimba au linalovuja damu, likatwe kipande kipelekwe maabara kwanza. Leza ikilichoma, hakuna tena cha kupima.

Ukishajua ni rangi ya asili, simama mbele ya kioo ucheke kwa nguvu. Fizi zipi zinaonekana? Kwa watu wengi ni za juu tu, nazo huishia nyuma kidogo ya chonge. Hakuna sababu ya kuumizwa fizi za chini ambazo mdomo unazifunika.

Kisha usafishwe meno, ugaga wote utoke, na usubiri wiki mbili hadi nne mpaka fizi ziache kutoa damu. Ufizi uliovimba huvuja sana, na daktari haoni anachokikata. Katika kipindi hicho apime pia unene: anaingiza kipimo chembamba cha chuma kati ya jino na ufizi, na kama chuma kinaonekana kwa kivuli kupitia nyama, ufizi ni mwembamba. Ufizi wa namna hiyo ukikwanguliwa vibaya hupanda juu, mzizi wa jino ukabaki wazi. Mweleze kama unatumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu, kama una kisukari, au kama hutokwa na malengelenge ya homa mdomoni, maana yanaweza kuamka baada ya kazi hii. Ukiwa mjamzito, ahirisha.

Njia zenyewe zote zina lengo moja: kuondoa ngozi ya juu pamoja na seli za rangi, bila kufikia mfupa. Kisu ndicho cha bei nafuu na matokeo yake ni mazuri, ila kinatoa damu na kinaacha kidonda kibichi. Kichwa cha almasi cha mashine ya kuchongea hutumika kwa kugusa tu, maji yakimwagika muda wote. Kikigandamizwa kinachimba mashimo. Leza ya dayodi, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 810 hadi 980, hukausha damu papo hapo. Ncha yake hupitishwa kama brashi ya rangi, ngozi inabadilika na kuanza kumenyeka, daktari anaifuta kwa shashi yenye maji, anatazama vidoa vilivyobaki, anarudia. Ncha ikikaa sehemu moja, joto linashuka hadi kwenye mfupa. Wengine hugandisha ufizi kwa nitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, lakini kina chake ni kigumu kukidhibiti. Kwa maoni yetu, mkono wa daktari una uzito kuliko aina ya mashine. Mwombe picha za wagonjwa wake baada ya mwaka mmoja. Za siku ya kutoka kwenye kiti hazikuambii kitu.

Angalia hasa zile pembetatu za ufizi zilizo kati ya meno. Ni nyembamba, zina mikunjo, na daktari huziogopa, kwa hiyo seli za rangi hubaki humo na kuanza kusambaa upya.

Baada ya ganzi kuisha utasikia ukali kama wa kuungua. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima mwenye ini zima, huwatosha wengi. Aspirini huongeza kuvuja damu. Siku mbili za kwanza kula vyakula laini vilivyopoa, acha pilipili, ndimu na pombe. Usipige mswaki sehemu ile kwa wiki moja. Sukutua kwa klohexidini, dawa ya maji ya kuua vijidudu vya kinywa, ya asilimia 0.12 au 0.2, mililita 10, mara mbili kwa siku, na uache nusu saa kati yake na dawa ya meno, kwani povu la dawa ya meno huipunguza nguvu. Usizidishe wiki mbili, huacha madoa ya kahawia kwenye meno.

Kuanzia siku ya pili au ya tatu utaona utando mweupe wa manjano juu ya kidonda. Si usaha. Usiukwangue, chini yake ngozi mpya inajifunga, na kwa kawaida hufunika ndani ya wiki mbili, ingawa rangi na ugumu wa ufizi hutulia baada ya mwezi hivi. Rudi haraka kama damu haikomi baada ya kubana shashi dakika 20, kama maumivu yanazidi baada ya siku ya tatu, au ukiona kitu kigumu cheupe ndani ya kidonda: huo huenda ni mfupa.

Ndimu, magadi na kusugua kwa nguvu nyumbani haviifikii melanini. Asidi hula jino, mswaki mgumu hupandisha ufizi.

Rangi inaweza kuanza kurudi baada ya miezi au miaka, kwa vidoa vidogo. Piga picha kwenye mwanga uleule kila miezi sita. Vidoa vikionekana, viguswe hivyo tu, bila kurudia ufizi mzima, kwa sababu kila mara unapokwanguliwa unapoteza nyama kidogo.